Maneno ya Mama Kwenye Kitambaa

Dada yangu Muriel,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini goti lako limepata nafuu na shemeji Geoffrey ameacha kukohoa. Sisi huku wazima, ila mvua haitupi nafasi hata ya kuanika soksi. Dada, nakuomba, fundi asianze kuchonga jiwe la kaburi la mama kabla hujaimaliza barua hii.

Kile kitambaa cha kufutia vyombo nilichokutumia, kilichochapishwa na kanisa kikiwa na misemo ya wazee wetu, kila nyumba ilitoa msemo wake. Bi Pargeter, unaujua mdomo wake, alinisimamisha mlangoni pa kanisa akaniuliza mbele za watu: mama kaishi miaka yote ile asituachie hata neno moja, au mimi ndiye niliyekuwa simsikilizi? Watu wakacheka. Papo hapo nikasema mama alizoea kutuambia kwamba kunguru wakishatotoa kwenye mti wa mwaloni wa kanisa, baridi kali hairudi tena. Bi Pargeter akasema haya, hapo sasa anamsikia mama yetu, Dorothy mwenyewe. Nawe ukaniandikia kwamba umelia, kwamba unamkumbuka mama akiyasema dirishani, na hayo ndiyo yachongwe kaburini.

Jirani yetu Mzee Amos Tranter alikitundika kitambaa chake ukutani. Mwezi wa Mei, makinda yalipoanza kulia mtini, akaitoa nje miche yake ya maharage, ile anayoilea ndani kwa ajili ya maonyesho ya kijiji, akaipanda. Nilimwona kutoka uani. Nilitaka kumwambia kitu, nikaingia ndani kunywa chai. Wiki haikuisha, barafu ikaanguka, miche yote ikawa myeusi. Wenzake wa baa wakamtania kwamba mwaka huu apeleke majivu kwenye maonyesho. Akawajibu kwa ukali kwamba Dorothy hakuwa mwongo hata siku moja, labda ni masikio yake mwenyewe yaliyozeeka. Jumapili nikamkuta kaburini, kofia mkononi, akimwomba mama radhi kwa kumtilia shaka.

Muriel, mama hakuyasema maneno yale. Niliyabuni mimi, pale mlangoni, kwa kuogopa kuonekana sina cha kutoa. Naona aibu hata kuandika jina lake. Kesho naenda kwa Mzee Amos, kisha kwa Bi Pargeter, wanifanye watakavyo. Wewe ndiye ninayekuogopa zaidi, maana nimekutia kichwani kitu ambacho hukukisikia, ukakililia.

Mama hakuwa mtu wa misemo, dada. Nimejitahidi kukumbuka alichotuambia kila siku, nacho ni kimoja tu: funga mlango, Clement, Muriel anapigwa na baridi. Ukitaka maneno yake, hayo ni yake kweli.

Nisalimie shemeji na watoto. Nisamehe ukiweza.

Mdogo wako,
Clement