Picha ya Kwanza ya Mama Mdogo

Jumamosi, 1 Juni 1957

Baridi imeingia Iringa. Vidole havishiki kalamu vizuri.

Mama mdogo ametimiza mwezi katika nyumba hii na bado anakaa kama mgeni anayesubiri chai yake ili aondoke. Jina lake Siwema. Baba alimwoa Rujewa, anakokwenda kununua mchele wa duka, mara tu baada ya Idi. Ana miaka kumi na minane. Mimi kumi na minne. Baba anataka nimwite Mama. Nimeanza na "mama mdogo", naye huniitikia akitazama sakafu.

Nilifurahi sana alipokuja – sijui kama ni vibaya kuandika hivyo, maana mama yangu amezikwa Mbeya, na hata kaburi lake tumeliacha huko tulipohamia hapa. Lakini sina mtu! Shuleni wenzangu wengi wanajuana tangu vijijini kwao, wakati wa mapumziko wanaongea Kihehe na kucheka. Hunigeukia wakitaka kunakili hesabu.

Asubuhi nimemkuta jikoni akilia. Akasema ni moshi. Moto ulikuwa bado haujawashwa.

Basi nimeamua. Nitampeleka senema. Jumapili saa tisa kuna onyesho la wanawake, kwa Mhindi, karibu na soko. Kule nina kazi yangu. Picha ni za Kihindi na za Kimisri, chini kuna maandishi ya Kiingereza yanayopita, nami ninawasomea akina mama kwa Kiswahili. Nilianza kwa kumnong'oneza Bi Bibie, jirani yetu. Sasa ni safu nzima. Bi Bibie hunisubiri mlangoni: "Mwanakhamisi! Mpisheni msomaji wetu akae katikati!" Wananipa karanga, wananivuta buibui wakitaka nirudie. Kisha taa zinawaka, kila mtu anaondoka na watu wake, na hakuna anayeniuliza naelekea wapi.

Baba hapendi mambo ya picha. Nimemwambia ya kesho ni ya Kiarabu.

"Ya Kiarabu?"

Ndiyo, Baba.

Akasema basi haina ubaya, mchukue. Sikuongeza neno. Sikudanganya!

Jumapili, 2 Juni

Aibu. Sijui nianzie wapi.

Siwema alitoka chumbani ametawadha, amevaa gauni refu jipya na ushungi mweupe. Nikadhani amejipamba kwa ajili ya mjini. Tulipofika mlangoni akavua viatu. Nikamwambia vaa, mama mdogo, sakafu ni baridi. Akakataa kwa kichwa. Akavishika mkononi.

Picha ikaanza. Mwanamume wa Kairo, masharubu yamepakwa mafuta, anamlaghai binti wa tajiri. Kila akifungua mdomo anaapa – wallahi, wallahi! Mimi nasoma: anasema atamwoa. Sasa anamwambia rafiki yake kwamba anachotaka ni nyumba ya baba yake tu. Akina mama wakachemka. Bi Bibie akampigia kelele, "Mwongo wewe! Na masharubu yako hayo!" Pembeni yangu Siwema ameinamisha kichwa, viganja vimefunguliwa mapajani. Nikadhani ni haya za ugeni.

Yule laghai akamaliza kiapo kirefu. Kukawa kimya. Siwema akasema "Amin" kwa sauti.

Safu nzima ikageuka. Halafu kicheko! Bi Bibie alishika mbavu. "Jamani, bibi harusi wetu anamwombea dua mwizi!"

Siwema akaninong'oneza: "Si maulidi hii?"

Baba alikuwa amemwambia anakwenda kusikiliza Kiarabu. Nusu nzima ya picha hakuwa ameinua macho. Hakuona hata farasi.

Tukaondoka. Alitembea peku mpaka tulipopita soko, ndipo akakumbuka viatu viko mkononi.

Jumatatu, 3 Juni

Amepika. Amefagia. Hakunitazama.

Kosa ni langu. Nilisema "Kiarabu" nikaachia hapo, kwa sababu ilinifaa. Ningemwambia tu: ni hadithi ya laghai, kuna farasi, kuna maandishi chini. Ni maneno mangapi hayo?

Alhamisi, 6 Juni

Bi Bibie amekuja kununua chumvi, nami nilikuwa nimemshikia Baba duka. Aliniuliza kama "mwombezi" hajambo. Sikucheka. Akasema nisinune, yeye mwenyewe katika picha yake ya kwanza alijificha chini ya kiti treni ilipokuja.

Kisha akasema, huku anachagua chumvi: "Kaka yake si analeta lori la mpunga mwezi huu? Yule Bushiri? Basi jiandae. Mwali akilia namna hii, kaka akija anarudi naye. Nimeona wawili mtaa huu huu."

Alisema kama anazungumzia mvua. 

Siwema akiondoka tutabaki tena mimi na Baba, na Baba hula akisoma gazeti.

Jumatano, 12 Juni

Bango jipya – naijua ile picha! Ni ya Kihindi, ya mashamba ya mpunga. Niliiona Mbeya mwaka jana wakati wa masika. Siku ile kopo la mwisho la mkanda halikufika, basi lililolibeba lilikuwa limekwama kwenye matope Nyololo. Mwenye senema alituomba radhi, akarudia wimbo mmoja, tukaenda nyumbani tumefurahi. Ilikatikia pale bibi harusi anapanda mpunga na mawifi zake, wote wanaimba. Mwisho sikuuona, lakini picha nzuri namna ile itaharibikia wapi?

Jioni nikamfuata jikoni. Safari hii nilisema yote. Nikamwambia si maulidi, ni mchezo, watu wanaigiza, hakuna anayekufa kweli. Lugha ni Kihindi, hata mimi siijui. Maandishi yale usiyatazame, hayo niachie mimi – wewe tazama nyuso na mikono yao. Wakiimba usiniulize maana, sikiliza tu. Mtu akionekana mdogo si mtoto, yuko mbali. Na ukichoka tunatoka, sitakasirika.

Alikuwa akikoroga mboga. 

Nikasema: na kuna mpunga.

"Mpunga gani?"

Wa majini, mama mdogo. Maji mpaka magotini.

Akaacha kukoroga. "Kwani Wahindi wanalima?"

Hapa mjini amewaona madukani tu. Nikamwambia kwao wanalima. Akafikiri. "Nionyeshe," akasema.

Jumapili, 16 Juni

Nitaandika polepole, nisiharibu.

Alikuja na viatu miguuni. Akina mama walianza kumtania, "Mwombezi karudi!" Akaketi upande wangu wa kulia, amejikunja. Picha ikaanza, harusi, ngoma, mto. Nikawa nasoma kwa sauti ya kadiri. Kila baada ya muda nilimwibia jicho. Alikuwa anatazama! Mdomo wazi kidogo.

Ikafika mashambani. Maji yamejaa kitambaa kizima cha picha, na wale wanawake wameinama na sari zao. Siwema akanyoosha kidole.

"Tazama hao! Wanashika miche kama maua! Mikono hiyo haijagusa tope hata siku moja!"

Safu ikacheka – safari hii pamoja naye, si kumcheka yeye. Bi Bibie akauliza kutoka kule pembeni, "Haya mwali wa Rujewa, tuambie, hapo watavuna?"

"Watavuna ndege," Siwema akasema.

Nilicheka mpaka nikakosa maandishi mawili. Akina mama wakanifokea, soma, soma! Siwema akanishika mkono, akauweka pajani kwake, akausahau pale. Sikuusogeza. Nilisoma picha nzima kwa mkono mmoja, kama kusoma kunahitaji mikono.

Kisha kopo la mwisho.

Wimbo ulipokwisha yule bibi harusi alikuwa peke yake nyumbani. Mume yuko safarini na biashara zake. Anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Watu wanapita, hakuna anayemsemesha. Nikaanza kusoma polepole. Akachukua kitambaa, akafunga nguo zake. Mama mkwe akamkuta mlangoni akamwuliza jambo. Naye akajibu, na jibu likaandikwa chini.

"Anasema nini?" Siwema akauliza.

Nilikuwa nimeshasoma. Ningeweza kusema anakwenda mtoni kufua! Nguo si ziko mkononi? Safu nzima ingeniamini. Mdomo ulikuwa tayari.

Akanisukuma kwa kiwiko. "Soma, Mwanakhamisi."

Ni mara ya kwanza kuniita jina.

Nikasoma: "Anasema, nyumba hii haina ubaya. Ila hakuna mtu ndani yake anayenijua. Narudi kwetu."

Akarudi kwao. Alipita katikati ya mpunga, mama yake akamwona kwa mbali, akatupa ungo chini, akakimbia. Basi. Imekwisha hapo. Bi Bibie alilia kwa sauti, na wengine. Siwema hakulia. Alitazama mpaka kikabaki kitambaa cheupe kitupu.

Njiani akasema, "Nzuri." Tulipofika kwenye kona yetu akasema tena, "Nzuri sana."

Hivyo tu. Chakula tumekula sahani moja, mimi na yeye.

Jumanne, 18 Juni

Anaimba jikoni! Ule wimbo wa mpunga, maneno ya kubuni. Akanifundisha kupepeta kama kwao. Nilimwaga nusu, akasema kuku wetu watanioa.

Akaniuliza habari za mama yangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza hapa. Nikamweleza alivyokuwa akinisuka mbele ya nyumba yetu Mbeya, na kwamba alikuwa anavuta sana nywele, nami nilikuwa nalia. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akanisuka. Havuti.

Lakini Baba aliporudi, swali lake la kwanza lilikuwa lori la mpunga linakuja lini.

Nilitoka nikasimama uani. Mimi ndiye niliyemchagulia ile picha. Nikambembeleza, nikamkalisha, nikamsomea neno kwa neno njia ya kurudi kwao. Mwalimu Rozalia ameniandikia "hodari" kwenye tafsiri ya Kiingereza wiki hii. Sikumwonyesha mtu.

Ijumaa, 21 Juni

Bushiri amefika. Mrefu, mpole, anacheka kama Siwema. Ameleta magunia, na salamu za mama yao, ambaye anasema nyumba imekuwa kubwa.

Baada ya kula ameomba dada yake aende kwao kutembea. Baba akakubali. "Wiki moja," akasema, akakunja gazeti lake, akamtazama mkewe – nadhani hajawahi kumtazama muda mrefu vile. "Wiki moja itatosha?"

Siwema akasema ndiyo. Sauti ndogo.

Jumamosi, 22 Juni

Lori liko nje. Magunia yameshushwa. Baba amekwenda msikitini, adhuhuri, na ameshaagana nao.

Niliingia chumbani kumsaidia kufunga mizigo. Alikuwa amekwisha kufunga. Kila kitu! Kanga zote za harusi, kioo, sanduku la uzi, hata mwiko aliokuja nao kutoka kwao. Mtu anayekwenda wiki moja habebi mwiko.

Aliniona nikiutazama. Akaketi kitandani, akapigapiga pembeni yake niketi.

"Kesho wanaonyesha nini?"

 Bango nimeliona jana nikitoka shule. Ningeweza kumwambia ni nzuri kupita ile, usiikose kwa lolote, kuna mto na mpunga na mama. Nilitaka kusema hivyo. Nikasema sijaiona. Bi Bibie amesikia ni mapanga tu tangu mwanzo mpaka mwisho, na nyimbo mbili.

Akacheka, kicheko chake chote. "Wewe! Baba yako muuza duka, na wewe hujui kuuza hata kidogo!"

Nikacheka pia. Macho yakanijaa.

"Ina maandishi?"

Ina.

"Utawasomea?"

Nitawasomea, mama mdogo.

"Na wewe je, nani anakusomea?"

Sikuelewa. Nikamjibu kwamba mimi najisomea mwenyewe, Kiingereza nakijua. Akanitazama hivi, kama alivyotazama ile picha, mdomo wazi kidogo.

"Ndicho hicho nilichouliza," akasema.

Honi ikalia. Ikalia tena. Akasimama, akajifunga kanga, akatoka. Mzigo hakuuchukua. Uko hapa kitandani, karibu na goti langu. Nimechukua daftari kwa sababu sijui nifanye nini na mikono.

Wako uani, yeye na kaka yake. Wanaongea Kisangu, lugha ya kwao, upesi upesi. Bushiri amepandisha sauti. Siwema anacheka – au analia, nyuma ya ukuta vinafanana. Jina langu nimelisikia mara mbili. Mengine siyajui, na hapa chini hakuna maandishi.

Sasa kimya.

Injini imewaka. Hatua zinakuja huku, za viatu. Nimeweka mkono juu ya mzigo, sijui kama ni kumpa au ni kuuzui–