Baba Ameshuka Darasani

Kwanza nilisikia cherehani ya mama ikinyamaza ghafla. Halafu kilio.

Nikakimbilia chumbani kwake. Amekaa mbele ya simu, kwenye lile darasa lake la mtandaoni la kuongea na roho za wafu. Mwalimu amefumba macho, anasema marehemu baba ameshuka na ujumbe:

"Nasikia cherehani, hata huku mchangani."

Ndugu yangu! HILO NI SHAIRI LANGU! Lile nililotunga kana kwamba baba anasema kutoka kaburini, nikamtumia mwalimu huyohuyo nilipojaribu somo lake la bure, nikitaka ajue mimi si mtunzi wa kubahatisha. Mama hajawahi kulisikia.

"Mwanangu, nani angemwambia habari za cherehani? Naiuza leo nilipie daraja la juu la darasa hili. Mnunuzi yuko njiani."

Aiuze! Cherehani inayotulisha!

Nikamalizia ubeti mimi: "Usishone kwa huzuni, mke wangu wa moyoni."

Akanikodolea macho. "Umeyajuaje maneno hayo? Mwalimu aliyasema kabla hujaingia."

"Nimeyatunga mimi, mama. Yamo kwenye simu yangu, tazama."

Akasoma. Hakunigombeza. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo baba yako hajasema kitu?"

Wewe, hapo niliogopa kuliko mwanzo. Alikuwa kama amefiwa upya.

Mnunuzi akabisha hodi. Mama mwenyewe akamjibu kwamba hauzi tena, kisha akaketi sakafuni. Nikaketi naye, nikamwambia kwa sauti:

"Mama, siku yoyote ukitaka kumzungumzia baba, niite mimi. Nitakusikiliza mpaka umalize. Naahidi."