Viluwiluwi wa Darasa la Pili

Ijumaa. Mvua imenyesha alfajiri, kisha jua likatoka kali kana kwamba halina habari. Kutoka dirishani naona ziwa, kijani tupu upande wa ufuko. Magugu maji yamejaza tena ghuba yote na mitumbwi inapita kwa taabu. Siku nyingine ningenung'unika. Leo nimekaa tu na chai yangu, nacheka peke yangu.

Wiki yenyewe ilianza vibaya.

Darasa langu la pili lina watoto wengi kuliko madawati. Kitabu cha sayansi kiko kimoja, ninacho mimi, na ndani yake kuna picha ya chura: yai, kiluwiluwi, chura mzima. Mwaka jana niliichora ubaoni. Watoto wakakariri, wakafaulu, wakasahau. Mwaka huu nikasema hapana, waone wenyewe. Ziwani siwezi kuwapeleka, kuna konokono wa kichocho, na mamba naye hajulikani yuko wapi. Basi mvua zilipoanza nikawapeleka kwenye dimbwi nyuma ya majabali ya shule, tukachota mayai ya chura.

Yanavutika kama mlenda, yana punje nyeusi ndani. Wengi walirudi nyuma wakipiga kelele. Kabula, ambaye mama yake anauza dagaa sokoni Kirumba na ambaye sijawahi kumwona akiogopa kitu, alikinga viganja viwili na kuyapokea kama mtu anayepokea uji wa moto.

"Mwalimu, yanacheka," alisema.

Sikuelewa mpaka niliposhika mwenyewe. Kweli, yalikuwa yanatikisika mkononi.

Tukayaweka kwenye beseni kuukuu chini ya dirisha la darasa. Yakaanguliwa. Kwa wiki kadhaa watoto wakawa wanaleta mchicha uliochemshwa, wanauweka kidogo kidogo. Wale waliozoea kuchelewa wakaanza kufika kabla ya kengele, na mimi nikiingia nakuta duara la migongo tu, vichwa vimeungana juu ya maji. Siku miguu ya nyuma ilipochomoza, Juma alilia. Alidhani wanaumwa.

Jumanne ya wiki hii Mwalimu Mkuu akapita. Ni mzee mpole, Mzee Masalu, hapendi kugombeza. Aliwauliza watoto wanatazama nini. Darasa zima likajibu kwa sauti ya kuimba:

"Vi-lu-wi-lu-wi!"

Uso wake ukabadilika.

"Mwalimu, unafuga mbu darasani?"

Nikaanza kueleza kwamba ni viluwiluwi wa chura, si wa mbu. Lugha yetu imewapa jina moja wote wawili na mimi sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja. Aliinama akatazama kwa muda, kisha akanyoosha kidole.

"Na hawa?"

Nikainama pia. Juu juu ya maji, katikati ya vyura wetu, walikuwa wananing'inia viumbe wembamba kama vipande vya uzi. Wa mbu. Tena wengi. Mbu walikuwa wametaga humo, na mimi kila siku nilikuwa natazama chini tu, kwenye miguu ya vyura.

"Mwaga," alisema, akatoka.

Ningeweza kukasirika, lakini najua kilichompata. Mjukuu wake, Rahel, ni mwanafunzi wangu. Muhula huu malaria ilimpanda kichwani, akapata degedege, na mzee akambeba mgongoni hadi barabarani kutafuta gari la kumfikisha hospitali. Mtoto alipona. Ila tangu arudi nyumbani hataki kubanduka kwenye mkeka wa bibi yake. Shule hataki hata kuisikia. Wanambembeleza, wanamtisha, wapi.

Kwa hiyo mzee akiona maji yaliyotuama, haoni maji.

Sikumwaga. Kusema kweli nilimwogopa, lakini niliwaogopa zaidi watoto. Macho yao yote yalikuwa kwangu. Ningewaambia nini? Kwamba tumekuja kujifunza habari za viumbe, na somo la leo ni kuwamwaga?

Baada ya masomo nikaenda ofisini kwake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikamwambia yeye ana haki, wa mbu wamo na kosa ni langu. Nikaomba siku chache. Wa mbu watatolewa wote, na watakaowatoa ni watoto wenyewe.

Sasa ndipo akainua kichwa.

"Mpaka Ijumaa," akasema. "Nikikuta mmoja, namwaga mimi mwenyewe."

Jumatano nikaja na kichujio changu cha chai na sufuria. Nikawaambia watoto: humu mna viumbe wa aina mbili wenye jina moja. Mmoja atakuwa chura, ale wadudu. Mwingine atakuwa mbu, atuume sisi. Nani atanionyesha tofauti?

Juma, yule aliyelia, akapitisha mkono juu ya beseni ili aonyeshe kitu, na nyuzi zote zikazama kwa mpigo mmoja, zikijipinda.

"Wale wa mbu wanaogopa kivuli!"

Hilo sikuwa nimewafundisha. Hata mimi nilikuwa silijui. Kila mmoja akataka kupitisha mkono wake. Nyuzi zinazama, zinarudi juu, zinazama tena. Wa chura hata hawana habari, wanaendelea kula mchicha wao. Kabula akaona kingine: wa mbu wakirudi juu wananing'inia kichwa chini, kana kwamba mtu amewafunga kwa mkia. Basi ikawa hivyo. Mmoja anasubiri watulie, mwingine anachota kwa kichujio, wa tatu anakimbia kuwamwaga juu ya jabali la moto wakauke. Kazi ilipoisha tukafunika beseni kwa kipande cha chandarua kilichochakaa.

Nilidhani imeisha. Alhamisi walikuja wakiwa wameshageuka jeshi. Wakamwaga maji ya matairi, ya makopo, ya pipa bovu nyuma ya jiko. Wakafika hadi ofisini kwa Mwalimu Mkuu, na hapo nje kuna kopo lake la maua ambalo hatuligusi. Kabula akapitisha mkono juu yake.

Nyuzi zikazama.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye alitazama lile kopo, akamtazama mtoto, akasema taratibu, "Mwageni. Na la upande ule pia." Kisha akamwomba Kabula amwonyeshe vizuri hiyo habari ya kivuli. Akapitisha mkono wake mwenyewe. Akapitisha tena.

Leo sasa. Nilipofika getini nikasikia kelele: "Mwalimu, chula ametoka majini!" Mkubwa kuliko wote alikuwa amepanda juu ya jiwe tuliloliweka ndani ya beseni. Miguu minne, na mkia umebaki kijisehemu tu. Wakauliza nani kaukata. Nikawaambia hakuna aliyeukata. Siku hizi za kubadilika chura hali kitu, mwili wake unautumia ule mkia kama chakula. "Kama mahindi ya ghalani," akasema mmoja huko nyuma. Nikaiandika ubaoni.

Mchana, watoto wameshatawanyika, nikasikia hatua mlangoni. Mzee Masalu alikuwa amemshika Rahel mkono. Mtoto amekonda, gauni linamning'inia mabegani. Kumbe jana jioni mzee alimsimulia kila kitu nyumbani, kopo la maua na yote, na bibi yake anasema mtoto alicheka kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Leo yeye mwenyewe ndiye aliyeomba kuletwa.

Hakunisalimia, na sikumlazimisha. Alichuchumaa mbele ya beseni. Nilipoinua chandarua alirudi nyuma, akamtazama babu yake.

"Humo hamna mbu?"

"Wenzako wamewatoa wote," mzee akasema. "Nimekagua mwenyewe."

Rahel akasogea. Akaweka kidole ukingoni, karibu na jiwe, akatulia kabisa kama anavyotulia mgonjwa aliyezoea kulala. Chura naye ametulia. Kisha akaruka, akatua mgongoni mwa mkono wake, na mimi nikajua sasa atapiga kelele.

Hakupiga. Alishusha pumzi.

"Ni baridi," akasema.

Mzee aligeukia dirishani akaanza kutazama ziwa kwa makini sana, kama kuna meli anayoisubiri. Nikajifanya napanga chaki.

Walipokuwa wanaondoka, Rahel aliniuliza kama Jumatatu vyura watakuwepo bado. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Sasa wana miguu, na beseni ni dogo.

Akafikiri.

"Basi nitakuja tuwatafute."