Gia Mbichi ya Cherehani

3 Machi

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Unakula? Mimi sijambo, mgonjwa ni cherehani. Gia imepukutika meno, na madukani wanasema mashine kama hii haina vipuri tena. Fundi wa mashine anataka kuinunua kama chuma chakavu. Nikamwambia, "Thubutu! Mwanangu anatengeneza vyuma kwa unga." Akacheka. Wateja wote walisikia, kwa hiyo usiniaibishe. Gia mbovu nimempa dereva wa basi akuletee.

Mama yako

12 Machi

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, na ninakula. Bosi ameniruhusu nijaribu kuitengeneza gia yako kwa unga wetu mpya wa chuma uliotiwa chembe za kuuimarisha, laini kuliko poda ya mtoto. Tunauchanganya na nta na plastiki, tunaupasha moto, tunausindilia kwenye kalibu yenye umbo la gia. Nakutumia moja mbichi, uangalie meno tu. Usiifunge kwenye cherehani!

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi presha iko juu, na sababu ni wewe. Gia ni kubwa! Fundi yuko hapa, wateja wako hapa, nikasema hebu tujaribu. Haikuingia. Nikaisukuma kidogo tu, ikamomonyoka kama biskuti. Fundi kacheka mpaka kakaa chini. Sare za shule zimelala mezani, na aliyeziagiza kaanza kuulizia mshonaji mwingine. Nimewaambia ile ilikuwa ya maonyesho. Niambie kweli: unaweza, huwezi?

Mama yako

28 Machi

Mama, shikamoo.

Pole, ila nimecheka mpaka bosi kaja kuchungulia. Si nilisema usiifunge? Ilikuwa haijaingia tanuri. Kwanza nta hutolewa polepole, maana ukiharakisha gia inapasuka. Kisha moto mkali, chembe za unga zishikane, na hapo gia nzima hunywea. Ndiyo maana kalibu ni kubwa. Kwani wewe kitambaa kipya cha pamba hukikati kikubwa, ukijua kitanywea kikifuliwa? Hii ninayotuma imeiva. Ikigoma, muuzie fundi cherehani.

Mwanao

9 Aprili

Kitindamimba wangu,

Hujambo, roho yangu? Mimi mzima kupita kiasi. Imeingia! Fundi kaigonga, kaibamiza sakafuni, ikalia kama kengele. Sasa ananiita Mama Mhandisi, na anaulizia gia ya mteja wake. Nimemwambia apange foleni.

Sare zimekwisha. Nimekushonea na koti la kazi, la pamba mpya. Litakupwaya, mikono itakufika vidoleni. Usiguse mkasi! Lifue kwanza.

Mama yako