Sheria ya Mdogo

Chumba cha kushonea,
Juu ya duka la rangi.
Jumapili, tarehe 9 Machi, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu, Kitinda,

Pokea salamu za dada yako, mzima wa afya isipokuwa kidole gumba kilichochomwa na sindano Alhamisi iliyopita. U hali gani huko? Kile kikohozi kimehama, au bado mnaishi pamoja? Na usingizi unapata? Nauliza kwa sababu hizo kazi za maabara za kupokezana zamu nazijua kwa kusimuliwa tu, na kwenye picha uliyonitumia macho yako yamevimba kwa chini. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako anapanda ngazi za watu kufunga nyaya za umeme na anashuka salama. Mama mkwe wangu ni mzima, na ulimi wake ni mzima zaidi.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, ungecheka, nami ningecheka nawe, tungeagana sijasema lililo moyoni. Karatasi haicheki. Basi kaa kitako usome mpaka mwisho.

Kwanza ahsante kwa boksi. Lilifika salama, kona moja tu ndiyo imebonyea. Shemeji yako alidhani ni viatu vyake, akasikitika kidogo. Mimi nilisema kwa sauti, ili kila mtu asikie, kwamba mwanamke wa miaka arobaini na miwili mwenye magauni sita ya kwaya yasiyotiwa pindo hana nafasi ya kucheza mchezo wa kupanda bustani. Kisha nikalisukuma chini ya meza ya kukatia, mahali ambapo mtu mwingine asingelifungua kabla yangu.

Lakini humo ulitia na ile picha, na niseme kweli, picha ndiyo niliyoishughulikia kwanza. Watu sita mezani, nyuma yenu kabati la maboksi ya michezo limefika darini, kila mtu na kikombe chake. Wewe unacheka mpaka pengo lako linaonekana. Pengo hilo, Kitinda! Kwenye picha ya harusi yangu ulifumba mdomo kama mtu aliyemeza ufunguo, kwa sababu unalionea haya. Huko unaligawa bure. Na kushoto kwako, pale nilipokaa mimi utoto wetu wote, amekaa yule mwanamke wa miwani, kiwiko amekilaza juu ya kitabu cha sheria utadhani amekiandika yeye. Nilimtazama kwa kile kioo changu cha kutungia uzi. Kola ya blauzi yake imeshonwa vibaya. Nimeona nikwambie.

Nikaapa sitaachwa nyuma. Kama siku hizi raha yako ni michezo ya mezani, basi na mimi nitaijua, tena kuliko huyo wa miwani.

Nilianza vizuri. Vile vipande vya karatasi ngumu nilivibandua kwa mkasi mdogo wa matundu ya vifungo, hata kimoja hakikuchanika. Kadi nilizipanga kama ninavyopanga nyuzi zangu, nyekundu kwa nyekundu, za manjano kwa za manjano, nikazishonea vifuko vya kukaza kwa kamba. Ungeviona ungevionea wivu, na ndicho nilichokusudia. Kitabu cha sheria ndicho kilichonishinda, ukurasa wa tatu tu. Wewe ulikuwa umeniandikia kwamba anayeanza asikisome chote, acheze tu, sheria zitamjia zenyewe. Huo ni ushauri wa mtu aliyezungukwa na watano wanaojua.

Kidole kimoja hakivunji chawa, nikaanza kutafuta watu. Shemeji yako alicheza zamu mbili akasinzia mchana kweupe, kadi kifuani. Mama mkwe alikuja mwenyewe, maana hawezi kuvumilia jambo litendeke nyumba hii bila yeye. Muuza rangi wa hapo chini alipanda na kigoda chake, vidole vina madoa ya rangi, nikamlazimisha kunawa mara mbili. Wa nne ni mzee wa posta, aliyestaafu baada ya miaka thelathini ya kupanga barua. Alikuja kupunguziwa kiuno cha suruali akabaki.

Tukacheza Jumapili nne mfululizo, na ninakiri nilikuwa naisubiri Jumapili kama mtoto. Unapanda, unachimba mfereji, jirani anakunyang'anya maji huku anakutabasamia. Mama mkwe alishinda mara tatu. Miaka kumi na sita nimekaa na mama huyu, hajasifu hata pindo moja la mkono wangu. Aliposhinda mara ya tatu alisema ndugu yangu ana akili sana, amejua kuchagua zawadi. Ndugu yangu! Aliyeshona vifuko nani?

Jumapili ya tano mzee wa posta alirudisha kitabu cha sheria, alikuwa amekiazima. Amekisoma chote, hata maandishi madogo ya nyuma, amepigia mistari kwa penseli. Kumbe kadi hazipangwi kwa rangi. Zinapangwa kwa namba iliyo mgongoni, msimu wa kwanza, wa pili na wa tatu, mbegu kwanza na miti mikubwa mwisho. Mimi kwa ufundi wangu wa nyuzi nilikuwa nimeichanganya misimu yote, ndiyo maana mama mkwe alikuwa akivuna matunda kabla wengine hatujachimba hata shimo. Muuza rangi alicheka mpaka akashika ukuta. Mama mkwe akatangaza kwamba ushindi wake haurudishwi. Mzee wa posta hakucheka. "Sheria ni sheria," akasema. "Barua haifiki kwa anwani ya kukisia." Tukaanza upya, na mama mkwe akashindwa, na nikalala vizuri.

Yote hayo yangekuwa habari njema, na barua hii ingeishia hapa kwa amani, kama barua yako isingefika wiki iliyofuata.

Uliandika mambo matatu. Kwamba unakuja likizo Agosti, nikaruka. Kwamba unakuja na yule wa miwani na nimwekee kiti mezani, nikakaa. Halafu chini kabisa, kwa wepisi wa mtu anayetaja hali ya hewa, ukaandika kwamba umewafundisha wenzako ule mchezo wetu wa vifungo, wameupenda, mnaucheza kabla ya kufungua maboksi makubwa. Na kwamba mnafuata mpaka ile sheria ya zamani ya mdogo kurudia, na kwa kuwa mdogo wenu ni huyo wa miwani, kila akitupa dadu vibaya anatupa tena, mpaka wengine wanamtania.

Nilivunja sindano mbili mchana ule. Magauni yale ya kwaya moja lina mshono wa hasira mpaka leo. Shemeji yako aliuliza nina nini, nikamwambia ni cherehani. Haikuwa cherehani. Ni wivu, Kitinda, sina jina jingine la kuupamba. Wazee walisema asiyekuwepo na lake halipo, nikajiona mimi ndiye nisiyekuwepo, na langu limegawiwa watu wenye vikombe.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijakwambia kwa miaka thelathini na moja.

Unakumbuka mwezi ule mama aliolazwa hospitali. Wewe ulikuwa na miaka sita, mimi kumi na mmoja. Shangazi alikuwa akituachia chakula asubuhi, anarudi jioni kutoka kazini, mchana kutwa tuko wawili. Nikachora vyumba arobaini nyuma ya kalenda, nikachukua kopo la vifungo la mama, tukatafuta dadu. Ulikuwa unashindwa vibaya, na kila ukishindwa unavurumisha vifungo ukutani na kulia, na ukianza kulia huulilii mchezo, unamlilia mama. Mimi sikuwa na la kufanya kuhusu mama. Nikakwambia sheria inasema mdogo akitupa vibaya anarudia. Ukauliza imeandikwa wapi. Ulipolala mchana nikaandika ndani ya kifuniko cha kopo kwa kalamu ya wino, "Mdogo anarudia," nikakuonyesha ulipoamka, nikasema ilikuwepo siku zote. Ukaamini. Mpaka leo unaamini, unaiita sheria ya zamani.

Haikuwa sheria ya mchezo. Ilikuwa yako.

Ndiyo maana iliniuma. Vifungo ungegawa, kalenda ungegawa, hata pengo lako nimeshalisamehe. Lakini ile niliitunga kwa ajili ya mtu mmoja, na sasa anaitumia mgeni mwenye kola mbaya, wala hajui anatumia cha nani.

Basi Jumapili iliyopita nikalipiza. Nikasema, kama huko ni mali ya kila mtu, na huku iwe. Nikashusha kopo la vifungo kutoka juu ya kabati, nikachora kalenda mpya, nikawafundisha wale watatu. Mzee wa posta aliandika kila sheria kwenye daftari lake. Ile ya mdogo niliitaja mwisho, haraka haraka, kama mtu anayetema mbegu.

Tukacheza. Mama mkwe mbele, kama kawaida yake. Zamu yangu nikatupa, ikatoka moja, na hiyo moja ikanitia kwenye chumba cha shimo, kurudi mwanzo. Nikanyoosha mkono nikirudishe kifungo changu. Mzee wa posta akaweka penseli juu ya kalenda kunizuia.

"Mwenye nyumba, unavunja sheria."

"Ipi tena?"

Akafungua daftari, akasoma. "Mdogo anarudia. Mimi nina sabini na mmoja. Mama hapa ana sitini na minane. Jirani amekiri hamsini na mitano. Mdogo wa meza hii ni wewe."

Nikamwambia hapana, hiyo ni ya watoto. Akasema daftari halikuandika watoto. Na mama mkwe, bila hata kuinua macho kwenye vifungo vyake, akasema, "Rudia, mwanangu, tuendelee."

Kitinda, mimi ni kifungua mimba. Tangu nipate akili sijawahi kuwa mdogo mahali popote, si nyumbani, si kazini, si kwa wakwe zangu, ambako nimeolewa na mtoto wao wa kwanza. Nikachukua dadu nikatupa tena. Ikatoka mbili, haikunisaidia kitu. Nikasema naenda kutafuta uzi mweupe. Nililia nyuma ya magauni ya kwaya mpaka muuza rangi akauliza kama uzi mweupe umekwisha duniani.

Tangu siku hiyo nimewaza. Huenda huyo wa miwani naye ni mkubwa kwao. Huenda hajawahi kurudishiwa zamu, na wewe ndiye wa kwanza kumrudishia. Kama ndivyo, siwezi kukukasirikia, maana ulichompa ulikipata kwangu. Lakini usidhani wivu umekwisha. Umepunguzwa kiuno tu, kama ile suruali ya mzee wa posta.

Kwa hiyo mlete. Kiti nimeshamtafutia, atakaa kushoto kwangu, na kushoto kwako nakaa mimi, hilo halina mjadala. Aje na ile blauzi, kola nitaifumua na kuishona upya, na nitakuwa na adabu. Kwa meza yetu atakuwa mdogo, atarudia, mzee wa posta atahakikisha. Ila kifungo cha kijani chenye ufa asikiguse. Hicho ni changu tangu mwaka ule.

Shemeji yako anakusalimu, anauliza namba ya viatu huko inasomwaje. Mama mkwe anakusalimu kuliko anavyonisalimu mimi. Shangazi yetu amepata miwani mpya, anakuombea kila siku. Muuza rangi na mzee wa posta hawakujui lakini wanakusalimu kwa jina. Na yule wako, haya, msalimie pia.

Jambo la mwisho, halafu narudi kwenye kwaya yangu. Siku mtakayofika, mwenzako atachoka na safari, atataka kulala kidogo. Mwache alale. Wewe panda huku kwenye chumba cha kushonea peke yako, kalenda itakuwa mezani na kopo limefunguliwa. Nataka mchezo mmoja tu wa watu wawili kabla ya wote, ili mdogo awe wewe.

Mungu akufungulie njia na akufungie hicho kikohozi, akulinde katika zamu zako zote mpaka tuonane.

Wako akupendaye, na anayekuonea wivu kwa kuwa anakupenda,

Dada