Amri Iliyotoka kwenye Kiti Changu

Kampala

Kaka Otieno,

Salamu nakupa kwa sababu mama alitulea hivyo. Mimi ni mzima, na kama nyumbani mko salama, nashukuru Mungu. Sasa tuachane na hayo.

Nimesoma ujumbe wako. Eti nikubali kosa la shemeji yako Ouma, kwa kuwa yeye ana watoto na mimi sina! Ulikuwa na akili timamu ulipoandika?

Najua amekudanganya, kwa hiyo sikiliza. Ofisini kwetu huku Luzira kuna seva, kompyuta moja inayoshika mauzo yote. Nikiwa kwenye kiti changu naweza kuituma iziamrishe kompyuta za mezani: fungua hiki, chapisha kile, futa kile. Ndiyo kazi yangu. Jumatatu kengele ya maombi ililia, nikakimbilia ukumbini kwa kuwa mimi ndiye kiongozi, nikaacha skrini wazi. Ouma, ambaye meza yake iko karibu, akabaki nyuma na kuketi pale. Alitaka kufuta picha zake za upuuzi kabla kompyuta yake haijakaguliwa. Mahali pa kuandika jina la kompyuta moja, bwana huyo akaandika zote.

Tuliposema amina, mafaili ya kila meza yalikuwa yamekwenda. Nnalongo, mama wa mapacha anayeshika hesabu, alinijia akilia.

"Nnyabo, bibi, kazi yangu yote umepeleka wapi?"

Mkurugenzi akasema amri ina jina langu. Ouma alikuwa kando yangu, anatikisa kichwa kwa masikitiko. Mnafiki mkubwa!

Nikasema nilikuwa naongoza maombi. "Nani alikuona?" akauliza mkurugenzi. Hakuna, maana wote walikuwa wamefumba macho. Ni Nnalongo huyo huyo, machozi hayajakauka, aliyenitetea.

"Macho tulifunga, ssebo mkurugenzi, lakini masikio hapana. Huyu ndiye alikuwa anaomba. Nani hakuwapo ukumbini?"

Ouma akainama kufunga kamba za viatu. Jioni alikuja kwangu akapiga magoti, akakiri yote, halafu akakimbilia kwako kwa simu umsaidie kunizika.

Kesho mkurugenzi anataka jina, la sivyo kazi yangu imekwisha. Nitalitaja mbele ya wote, na safari hii macho yatakuwa wazi. Usinipigie simu.

Msalimie mama, umwambie nitampigia mwenyewe. Mkeo mwambie amtayarishie kaka yake mahali pa kulala.

Ni mimi dada yako, asiye na watoto,
Adhiambo