Mgeni Aliyeulizia Daftari

Nyumbani,
Jumatano, tarehe 9 Julai.

Mpendwa kitindamimba wangu,

Pokea salamu zangu nyingi, mimi mama yako. Hujambo huko ugenini? Kile kifua kimepona? Unakula, au bado unaishi kwa chai na kompyuta? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limeanza maringo. Likitaka kupanda ngazi linapanda, lisipotaka tunabaki chini wote wawili.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, kwa hiyo usicheke herufi. Sikutaka kumtamkia mtu aniandikie. Posta siiamini, na simu ndiyo kabisa, maana siku hizi nikikupigia nasikia mtu anapumua kabla wewe hujaitika. Atakayekuletea ni yule muuguzi aliyenitibu mguu, anakuja huko kusoma. Nimeishonea kwenye pindo la koti lake. Akanicheka, nikamwambia cheka mwanangu, lakini usilivue.

Nyumba ya mkabala imepata mpangaji. Kazi yake hakuna anayeijua. Anaosha gari asubuhi, mchana na jioni, na gari lenyewe haliendi popote. Hata bibi harusi haogeshwi hivyo.

Sasa jambo lenyewe. Ijumaa ya wiki iliyopita alikuja mwanamume mmoja na kamera. Akaniamkia vizuri, akasema alifanya kazi na wewe miaka miwili kabla hujakimbia, na kwamba umemtuma arekodi salamu zangu uziweke kwenye filamu yako mpya. Jina lako la nyumbani alilijua. Nikamkaribisha, nikavaa kile kitambaa changu cha bluu, nikakaa kama mke wa waziri.

Akawasha kamera yake, akasema, "Haya mama, sema." Friji linanguruma. Nje fundi wa kuchomelea anakata chuma. Mwanangu, machale yakanicheza. Wewe ulikuwa hurekodi hata kikohozi mpaka umezima friji, umekwenda kumbembeleza fundi apumzike dakika tano, na funguo zako umeziweka ndani ya friji ili usiondoke bila kuliwasha. Siku moja tu ulisahau, tukala nyama ya wiki nzima kwa siku moja. Huyu bwana kafanya kazi na wewe miaka miwili, na hajui kwamba friji huzimwa?

Nikasema salamu zangu hivyo hivyo. Nilipotazama vizuri, kamera haikuwa inanitazama mimi. Ilikuwa inatazama mlango wa nyuma, kisha kabati.

Ndipo akaja na lake. "Mama, kuna daftari dada aliliacha, lina majina ya wale wajane. Ameomba nimpelekee."

Nikamuuliza, "Daftari gani, baba? Mimi niliishia darasa la tatu. Daftari kwangu ni la kuwashia moto."

"Usinifiche, mama. Mimi ni kama mwanao."

"Wanangu nawajua, niliwazaa mchana kweupe."

Akacheka, akanywa chai yangu yote, akasema atarudi Jumatatu nikiwa nimekumbuka.

Sikulala. Nilikumbuka uliniambia ipo siku utamtuma mtu alichukue. Nikawaza, labda ndiye, labda vijana wa siku hizi hawajali makelele. Halafu nikawawaza wale wanawake watatu. Waume zao waliingia kituo cha polisi kwa miguu yao wakatolewa kwa machela, nao wakakusimulia kwa sababu uliwaahidi utawafunika nyuso na kubadili sauti. Majina yao ya kweli yamo katika daftari hilo tu. Nikaona siwezi kubahatisha na roho za watu.

Jumamosi nikalichana daftari ukurasa kwa ukurasa. Kila mmoja nikamtolea kurasa zake, nikisoma kwa kidole, nikawapelekea mwenyewe na goti langu hili. Wa sokoni alizitia jikoni chini ya birika bila kuzisoma. Mwenye cherehani alizipokea akilia, na jioni ile ile akahamisha watoto kwa dada yake. Yule mfua nguo alizisoma zote, amesimama, mikono ina povu. Kisha akaniambia, "Kama wamefika kwako, kwangu wameshafika. Mwambie mwanao anifunue uso."

Nikamwambia, "Wewe una watoto."

Akasema, "Ndiyo maana."

Nimemsihi alale nalo neno hilo siku tatu. Kalala nalo, jana karudia vile vile. Mimi sitaki, mwanangu, naogopa. Lakini uso ni wake, ndiyo maana nakuandikia.

Jumatatu yule bwana alirudi. Nikamwambia nimetafuta sikuona kitu. Akatabasamu kwa meno tu. Tangu siku hiyo mpangaji wa mkabala ameacha kuosha gari, anakaa tu ndani yake.

Kuna hili linalonila. Habari za daftari tulizijua watu watatu: wewe, mimi na kaka yako. Mungu anisamehe, lakini sasa namtazama anavyokula na moyo unaniambia kikulacho ki nguoni mwako. Kisha naona aibu, namwongezea mchuzi.

Kwa hiyo nijibu neno moja tu kupitia kwa muuguzi: yule mtu ulimtuma, au hukumtuma? Kama ulimtuma, nimekuharibia kazi, nigombeze utakavyo, nitakaa kimya. Kama hukumtuma, nitajua ninakula na nani.

Shangazi yako anakusalimu, anauliza utaolewa lini, usimjibu. Fundi wa kuchomelea anakusalimu sana. Za kaka yako sina, hajui kwamba nakuandikia.

Mungu akufunike pale nisipofika mimi, na akupe usingizi.

Ni mimi nikupendaye tangu hujawa na jina,

Mama yako.